Kipindi cha maktaba ambacho mwenye ADHD, disleksia au usonji hatoki kapa: ninavyofanya mimi

Ntaanza na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane mapema. Kwa miaka kadhaa nimefundisha kile kipindi ambacho kila mkutubi wa chuo anakijua: mwaka wa kwanza wanaingizwa maabara ya kompyuta wako mia na ushee, kompyuta zinazowaka 40, mi nasimama mbele na projekta na slaidi 64, naanza, hii ni katalogi, hizi ni databesi, hapa unabonyeza hivi, pale unachagua mwaka, kukopi kazi ya mtu ni kosa, haya kuna swali? Kimya. Napigiwa makofi, naenda zangu kunywa chai nikiamini kazi imefanyika.

Wiki iliyofuata binti mmoja akanifuata kaunta. "Madam, siku ile nilikuelewa vizuri tu, ila nikikaa kwenye kompyuta hamna kilichobaki." Nikamwelekeza upya. Baada ya siku mbili karudi na swali lilelile. Mara ya tatu, nisiwe muongo, nilishaanza kumwona mvivu, nikasema moyoni hawa watoto simu zimewamaliza. Kumbe mwenzangu alinitajia tatizo tangu siku ya kwanza, mi ndo sikusikia. Nilichofundisha chote nilikirusha hewani kwa mdomo, dakika 90, nikategemea yeye akidake chote na atembee nacho kichwani mpaka siku ya asaimenti. Baadaye sana, tulipozoeana, ndo akaniambia ana ADHD, ile hali ya umakini kutawanyika na mtu kushindwa kutulia.

Tangu hapo nimebomoa kile kipindi nikakijenga upya sijui mara ngapi. Haya hapa ni yale yaliyobaki baada ya kujaribu na kukosea. Nawaandikia wakutubi wa vyuo, ila mwalimu wa mbinu za utafiti akitaka kuiba aibe tu.

Maneno kwanza

Nyurodaivasiti ni lile wazo kwamba ubongo wa binadamu haukufyatuliwa kwa kalibu moja kama matofali. Kuna wenye usonji (autism), kuna wenye ADHD, wenye disleksia (wanaopata tabu kusoma maandishi) na wengine, na tofauti zao siyo kila mara ugonjwa wa kutafutiwa dawa, mara nyingi shida inatoka pale mtu anapokutana na mazingira yaliyopangwa kwa ajili ya ubongo wa aina moja tu. Nilikuwa nafundisha kwamba neno hili alilianzisha Judy Singer wa Australia kwenye tasnifu yake ya mwaka 1998, na mwaka huohuo mwandishi Harvey Blume akalitoa kwenye jarida la The Atlantic. Basi mwaka 2024 watafiti kadhaa wakaandika kwenye jarida liitwalo Autism kwamba hapana jamani, wazo lenyewe lilishapikwa na kuiva kwa pamoja na watu wenye usonji waliokuwa wanajadiliana mtandaoni miaka ya 90, siyo la mtu mmoja. Mi huo mfano naupenda sana darasani. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba hata "nani alianza" ni kitu ambacho wasomi wanabishana na kusahihishana, na hiyo inamwingia haraka kuliko nikimhubiria kwamba taaluma ni mazungumzo.

Kwa Kiswahili usonji tunao, disleksia tunasema hivyohivyo, ADHD tunaitaja kwa herufi zake. Mtaani majina ni mengine kabisa: huyu hatulii, yule mtundu, yule kichwa kizito. Mtoto anabebeshwa jina hilo tangu darasa la pili, anapambana, anakariri notisi za watu mpaka kidato cha sita kinaisha, anafika chuo anakuta hamna notisi za kukariri, anaambiwa nenda maktaba katafute mwenyewe. Hapo ndo anapokwamia, na anapokwamia ni mezani kwako.

Usianze sasa kuwapima watu kwa macho, kwamba yule anatikisa mguu basi ana kitu. Siyo kazi yetu na hatujasomea. Na usidai cheti cha daktari ndo umsaidie mtu, maana huku kwetu wengi hawajawahi kufika kwa mtaalamu wa kuwapima na wengine hata wao hawajui. Panga kipindi kizima kama vile wapo, kwa sababu wapo. Anayehitaji atapata bila kunyoosha mkono mbele ya wenzake, asiyehitaji hatadhurika na chochote.

Kabla hawajaingia

Punguza. Najua inauma, kila slaidi umeitengeneza kwa mkono wako, ila zitoe. Kipindi kimoja kiwe na kazi moja. Mimi siku hizi kipindi cha kwanza ni hiki tu: utoke na makala 2 zinazohusu mada yako, ukiwa umeandika ulizipataje. Mengine yote yana siku yake.

Siku mbili kabla natuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la darasa kupitia CR wao, yaani kiongozi wa darasa: tutakaa chumba gani (na picha ya mlango), tunaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, tutafanya nini kwanza na nini baadaye, unaruhusiwa kutoka nje bila kuomba, unaruhusiwa kuvaa hedifoni, unaruhusiwa kurekodi. Mistari sita hivi. Mwenye usonji anayechoshwa na mambo ya kushtukiza ameshapata ramani, na yule mwenye wasiwasi wa kawaida tu naye kapumua.

Wasiwasi wa maktaba ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1986 Constance Mellon wa Marekani alichapisha utafiti wa wanafunzi kama 6,000, kwenye kila darasa asilimia 75 mpaka 85 walielezea mara yao ya kwanza kutumia maktaba kwa maneno ya hofu. Hao ni wa kila aina. Halafu kuna Carol Kuhlthau wa chuo kikuu cha Rutgers, yeye alifuatilia mtu anavyojisikia hatua kwa hatua akiwa anatafuta taarifa, akaonyesha kwamba katikati, pale unaposoma vitu vingi na hujajua bado unatafuta nini hasa, kujiamini kunashuka badala ya kupanda. Mi nawachorea huo mstari ubaoni, unapanda, unaporomoka, unapanda tena, nawaambia ukifika kwenye bonde usidhani umepotea, hapo ndo njia inapopita. Mwanafunzi ambaye tangu utoto anaambiwa ni mzito akishajua kwamba bonde ni la wote, anabaki kitini.

Karatasi unazogawa: herufi zisizo na mikia kama Arial au Verdana, saizi 12 mpaka 14, nafasi ya mstari mmoja na nusu, mistari ianzie kushoto na isilazimishwe kulingana upande wa kulia, usipige mistari chini ya maneno, usilaze herufi, na karatasi ya rangi ya krimu ni bora kuliko nyeupe inayong'aa. Hayo ni ya chama cha disleksia cha Uingereza na yanasaidia kila mtu. Ila usihangaike kudownlodi ile fonti ya OpenDyslexic ukidhani umemaliza kazi, tafiti zilizoilinganisha na herufi za kawaida hazijaonyesha kwamba inaongeza kasi ya kusoma. Mwanafunzi akiipenda mwachie, ni macho yake. Kilichoonyesha faida kidogo ni kuachanisha herufi, kuna utafiti wa 2012 kwa watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia ambao ulionyesha hivyo.

Halafu PDF. Hapa ndo tunapowaumiza watu bila kujua. Zile sura za vitabu tunazoskani na kuwapa wanafunzi, nyingi ni picha tu, simu ikiambiwa isome kwa sauti inakaa kimya. Jaribu hivi: fungua faili, vuta mausi juu ya sentensi moja, kama maneno hayashikiki na kukopika basi hiyo ni picha. Ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, zipo za bure, halafu uhakiki kidogo maana Kiswahili huwa zinakikosea. Ukisikia mtu anauliza kama haki miliki inaruhusu, kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulianza kufanya kazi 2016, unaruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona na wenye shida nyingine ya kusoma maandishi, na disleksia huwa inahesabiwa humo. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Kila nchi ina namna yake ya kuuingiza kwenye sheria za nyumbani, kwa hiyo mwone mwanasheria wa chuo kabla hujaanza kuskani rafu nzima.

Karatasi ya safu tatu

Hii ndo moyo wa mambo. Kutafuta makala kwenye databesi kunamtaka mtu ashike vitu vingi kwa mpigo: mada, maneno aliyokwishajaribu, aliyobakiza, alipofika, alichokiona, kwa nini alikikataa. Mwenye ADHD au disleksia mara nyingi ile sehemu ya akili inayoshika kitu huku unafanya kingine inajaa upesi, ni kama kubeba maji kwa viganja, ukishtuka tu yamemwagika. Kwa hiyo mpe ndoo. Ndoo ni karatasi ya A4 iliyolazwa, ina safu tatu: maneno yangu, maneno yao, nilikotafuta na nilichopata.

Ntakuonyesha kwa mfano wa kweli ninaoutumia, mada ya mwanafunzi wa elimu: wanafunzi wenye usonji wanaishije vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Safu ya kwanza anaandika anavyosema yeye, kwa Kiswahili, bila kuona haya: usonji, chuo, Tanzania. Basi.

Safu ya pili ndo ufundi. Maneno yao, yaani ya watafiti, yanabadilika na zama, na usipomwambia hilo atatafuta kwa neno la leo akose ya jana. Mwaka 1994 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM, toleo la nne, kiliingiza Asperger kama jina linalojitegemea, na 2013 toleo la tano likalifuta likachanganya yote kwenye usonji. Sasa fikiria, utafiti mwingi wa wanafunzi wa vyuo wa miaka ile iko chini ya jina Asperger, kwa sababu waliokuwa wanafika chuo ndo walikuwa wanaitwa hivyo. Usipoliandika hilo neno umezika miaka karibu 20. ADHD nayo hivyohivyo, mwaka 1980 iliitwa ADD, 1987 ikaongezwa H, na mpaka leo kwenye PubMed, databesi ya makala za afya, kichwa chake rasmi ni "Attention Deficit Disorder with Hyperactivity", mrefu kama treni ya mizigo. Tena kuna wanaoandika "autistic students" na wanaoandika "students with autism", na wenyewe wana sababu zao nzito za kuchagua upande, kwa hiyo kwenye maisha muulize mtu anapenda aitweje lakini kwenye databesi beba yote mawili.

Nyota inasaidia hapo. Ukiandika autis* unapata autism na autistic kwa mpigo, neurodiver* inaleta neurodiversity na neurodivergent, dyslexi* vilevile. Ila kumbuka Google Scholar haijali nyota, hiyo ni ya databesi kama PubMed, ambayo ni bure kama ilivyo ERIC ya makala za elimu, hata ukiwa nyumbani Kigoma na bando lako.

OR na AND nazielezea sokoni. OR ni kumwambia mtoto niletee chungwa au embe au papai, chochote utakachokuta, kapu linajaa. AND ni kusema machungwa, na yawe ya Muheza, na yawe ya leo, kapu linapungua kila unapoongeza sharti. Halafu tunaandika pamoja, kwenye karatasi kwanza, kompyuta bado:

(autis* OR Asperger*) AND (universit* OR college* OR "higher education") AND (Tanzania OR Kenya OR Uganda OR Africa)

Safu ya tatu ndo wengi wanairuka na ndo inayowaokoa. Kila ukitafuta unaandika wapi, kwa maneno gani, vimekuja vingapi, umechukua vipi. Mstari mmoja. Simu ikiita, umeme ukikatika, akili ikiruka ikaenda kwingine, unarudi unasoma mstari wa mwisho unaendelea. Na ukifika kwa supavaiza akakuuliza mbona huna utafiti wa hapa nyumbani, unamwonyesha karatasi: nilitafuta hapa na hapa kwa maneno haya, hiki ndo nilichopata. Hiyo ni aya nzima ya propozali imeshajiandika.

Maana kwa mada hii vya nyumbani ni vichache na vingi ni vya watoto. Hapo namfundisha kufuata unyayo. Kuna makala ya 2006 kwenye Journal of Autism and Developmental Disorders kuhusu watoto 20 wa Tanzania, 14 kati yao wakitimiza vigezo vya usonji, ambapo baadhi yao dalili zilionekana baada ya malaria kali. Ni ndogo, ni ya zamani, haihusu chuo hata kidogo. Lakini ukiitafuta Google Scholar ukabonyeza pale chini palipoandikwa "Cited by" unafunguliwa mlango wa kila aliyeitaja baada yake, na humo ndo unakutana na kazi za KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha Kilifi, Kenya, na wengine walioandika kuhusu Afrika. Ongeza na AJOL, ambayo inakusanya majarida ya Afrika. Kama chuo chako kiko kwenye COTUL, umoja wa maktaba za vyuo Tanzania, au KLISC kwa Wakenya, una databesi za kulipia pia, ila hakikisha maelekezo ya kulogini umeyaandika hatua kwa hatua na picha ya kila skrini, maana nimeona watu wanakata tamaa kwenye paswedi kabla hata hawajaanza kutafuta.

Kitu kingine kidogo ila kina uzito: sema unachomaanisha. "Tafuta makala chache nzuri" ni sentensi ambayo mwanafunzi mwenye usonji anaweza kukaa nayo jioni nzima. Chache ni ngapi? Nzuri kwa kipimo gani? Sema makala 5, kuanzia 2015, zilizopitiwa na wataalamu, 2 angalau ziwe za Afrika. Na hili nawarushia na wale waliotuandikia miongozo yetu, ule mwongozo wa ACRL, chama cha maktaba za vyuo cha Marekani, wa 2015 una mawazo sita mazuri sana, mojawapo linasema mamlaka hujengwa na hutegemea muktadha, sawa, nakubali kabisa, ila mwanafunzi aliyekaa mbele ya kompyuta anataka kujua abonyeze wapi. Tafsiri hiyo ni kazi yako.

Kupima ulichokipata

Nilikuwa natumia ile orodha ya CRAAP ya tangu 2004, ina vichwa vitano na kila kichwa maswali yake kibao. Mwenye disleksia akifika swali la tisa ameshachoka kusoma maswali na makala yenyewe hajaigusa. Siku hizi natumia SIFT ya Mike Caulfield, hatua nne: simama, mchunguze aliyesema, tafuta wengine wamesemaje, fuata habari hadi chanzo chake. Nne zinakaa kwenye vidole. Na siyo kwamba ni mkato wa wavivu, watafiti wa Stanford mwaka 2017 waliwalinganisha wanahistoria 10 wenye PhD, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10, na wahakiki ndo walioshinda kwa sababu hawakukaa kwenye ukurasa wakiukodolea macho, walitoka haraka wakaenda kuuliza kwingine.

Shida ni kwamba kutoka na kuuliza kwingine kunafungua tabu za brauza, tabu inazaa tabu, na mtu wa ADHD dakika kumi baadaye yuko anasoma historia ya reli ya Uganda. Sheria yangu: tabu 3, ukitaka ya nne funga moja.

Mfano ninaofundishia ni ile makala ya Wakefield kwenye The Lancet, Februari 1998, watoto 12 tu, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Nawapa wanaitafuta wenyewe. Wakiifungua wanakuta imepigwa muhuri kwamba imeondolewa, Februari 2010, miaka 12 baadaye, na mwaka huohuo mwandishi mkuu akafutwa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Halafu nawauliza nani kwao ameshawahi kupokea ujumbe wa chanjo na usonji kwenye grupu la familia. Mikono haikosi. Hapo tunaongea vizuri, maana sasa ni habari ya shangazi yake, siyo ya The Lancet. Waambie pia waweke Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, tangu 2019 inakuonya yenyewe kama makala uliyohifadhi imeondolewa, yaani jambo moja limetoka kichwani limehamia kwenye mashine.

Na mashine nyingine, hizi za AI. Kwa mwenye disleksia au ADHD zinasaidia kweli, kupanga mawazo, kufupisha aya ngumu, kurahisisha lugha, siwezi kuzikataza nikalala usingizi. Ila kwenye marejeo zinaweza kukutungia makala yenye mwandishi, mwaka na jarida, na haipo duniani. Kila rejeo la AI litafutwe Google Scholar kwa jina kamili, lisipoonekana jaribu kwenye tovuti ya jarida lenyewe, na huko lisipokuwepo lifutwe.

Kwa mada ya nyurodaivasiti nina swali moja la ziada ambalo naliandika kwa kalamu nyekundu: waliohojiwa ni nani? Makala nyingi za usonji zimeuliza wazazi, walimu, madaktari, na wenye usonji wenyewe hawamo. Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika 2012 kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili, mwenye usonji hamwelewi asiye nao na asiye nao pia hamwelewi mwenye nao, ila mmoja tu ndo anayeambiwa ana upungufu. Mwanafunzi akishasoma hiyo anaanza kusoma makala zingine kwa jicho la tofauti.

Mezani

Kazi kubwa inafanyika mtu na mtu. Kaeni ubavu kwa ubavu mkiangalia skrini moja, msikae kama polisi na mtuhumiwa. Mausi iwe mkononi mwake. Akiwa anachapa usiongee. Ukiuliza swali nyamaza kweli, hesabu mpaka kumi, wengine wanahitaji muda neno lifike na jibu litoke. Akiondoka aondoke na hatua zimeandikwa, au ujumbe wa sauti wa dakika moja, na miadi inayofuata iwe siku ileile, saa ileile, meza ileile.

Vitabu vya Ulaya na Marekani vinasisitiza usimlazimishe mtu akuangalie machoni. Hapo sisi tumeshapona kidogo, kwetu kijana kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu. Mtego wetu uko kwenye salamu. Kijana akija akaanza moja kwa moja, "naomba makala za udongo", bila shikamoo, bila habari za kazi, sisi tunakunja uso papo hapo, hana malezi huyu. Wengine kile kipindi cha habari za nyumbani, habari za masomo, habari za asubuhi kinawamaliza nguvu kabla hawajafika kwenye swali, au wamelikariri swali njiani na wakianza kusalimia linadondoka. Msalimie wewe, kwa neno moja, halafu mpe udongo wake. Nimejifunza hili kwa kuchelewa na kuna vijana natamani ningewaomba radhi.

Ukitaka kulifanya utafiti wako

Wengi tunatakiwa tuchapishe ili tupande cheo, na mada hii inavutia. Fanya, ila taratibu. Kibali cha chuo, na cha tume ya sayansi ya nchi yako, kwa Tanzania COSTECH kama utafiti wako unawahusu, kwa Kenya NACOSTI. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kwa hiyo usiandike kwenye daftari la kaunta kwamba fulani ana ADHD halafu daftari likazurura. Maswali ya mahojiano watumie kabla. Wape njia ya kujibu, kuongea, kuandika, au kurekodi sauti usiku wakiwa kitandani. Darasa likiwa dogo jihadhari, ukiandika "mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu mwenye usonji, idara fulani" umeshamtaja jina. Na mshirikishe mmoja wao kwenye kutunga maswali tangu mwanzo, siyo mwishoni kama shahidi wa harusi.

Kuacha

Nimeliweka mwisho kwa sababu nami nililijua mwisho. Tunafundisha kuanza, hatufundishi kuacha. Kuna mtu wa kuahirisha mpaka usiku wa kuamkia dedilaini, na kuna mtu huyohuyo akishazama hatoki, saa sita za usiku ana PDF 70, hajala, na hajaandika sentensi hata moja. Yule binti wa kaunta alikuwa hivyo. Karatasi ya safu tatu ilimsaidia sana kuanza, akawa anakuja nayo imekunjwa mara nne ndani ya kava la simu, siku moja akaifungua mezani ikiwa imejaa mpaka pembeni, mwandiko mbele na nyuma.

"Madam, hii karatasi inaniambia nianzie wapi. Haijaniambia niishie wapi."

Tukakaa tukachora kisanduku juu kabisa, kabla ya safu zenyewe: leo naacha nikipata makala ___, au ikifika saa ___, kipi kinatangulia. Alamu inawekwa kwenye simu muda huohuo, kabla ya kufungua kompyuta. Ikilia unaandika mstari mmoja safu ya tatu, kesho nianzie hapa, unafunga. Nilichapisha karatasi mpya wiki ileile. Yeye akaikagua, akasema kisanduku ni kidogo, mwandiko wake hautatosha, nikakiongeza.